RISALA YA WAHITIMU, WAZAZI NA JUMUIYA YA CHUO KWA MGENI RASMI, SIKU YA MAHAFALI

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi, Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Chuo, Mkuu wa Chuo na wakufunzi, Mheshimiwa Diwani, Mtendaji wa Kata, viongozi wetu wa dini, wazazi na walezi mliovuka maji kuja hapa, wahitimu wetu, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tukiwa wazima. Pili tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kuukubali mwaliko wetu pamoja na wingi wa majukumu yako. Umefika saa nne kamili, kama kadi ilivyosema. Kwa jumuiya ambayo imezoea kusubiri, hilo ni jambo kubwa, na tunasema wabeja sana, asante kwa Kisukuma.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa historia hatutakuchosha. Vyuo vya maendeleo ya wananchi vilianza nchini mwaka 1975, Mwalimu Nyerere alipotaka mtu mzima wa kijijini naye apate pa kujifunzia, na Sweden ikatuunga mkono. Chuo chetu kimezaliwa na wazo hilo. Kilianza na useremala na ushonaji. Leo kuna uashi, umeme wa majumbani, uchomeleaji, ufundi magari, upishi, na kilimo na mifugo.

Mafanikio ni makubwa mno. Kiti ulichokalia kimeranduliwa na mhitimu wa leo. Sare za wahitimu wote zimeshonwa hapa hapa. Madawati ya shule ya msingi jirani yametoka kwenye karakana yetu, bustani yetu inalilisha jiko la chuo mchicha na figiri, na timu yetu ya netiboli haina mpinzani katika kata hii. Mhitimu wetu wa uchomeleaji wa mwaka jana amefungua banda lake mwaloni, pale mitumbwi ya samaki inapofikia, na tayari anafundisha vijana wawili. Haya ni mafanikio ya kujivunia kitaifa, nasi tunayatamka kifua mbele.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tunaomba utusikilize kuhusu fomu ya kujiunga na chuo. Nakala yake iko mezani kwako, chini ya chupa ya maji.

Ukurasa wa kwanza ni masharti. Mwombaji awe anajua kusoma, kuandika na kuhesabu. Cheti cha darasa la saba kinatosha. Alete nakala ya cheti cha kuzaliwa, picha nne za pasipoti, fomu ya afya yenye muhuri wa mganga, sahihi ya mdhamini, na vifaa vya fani yake: mwashi mwiko, kamba na pima maji, mshonaji mkasi, tepu na vitambaa vya mazoezi. Masharti haya yaliwahi kutusumbua. Watoto waliozaliwa mialoni, mama zao wakihama kisiwa hadi kisiwa kufuata dagaa, wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Kamati ikakaa na watendaji wa vijiji, ikawasaidia wazazi kupeleka maombi RITA, wakala wa usajili wa vizazi, na mwaka huu hakuna aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa karatasi hiyo. Ada nayo ilitusumbua. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inakaa nchi kavu na mfuko wa mzazi unakauka. Tukakubaliana na Mkuu wa Chuo ada ilipwe kwa awamu, na awamu zifuate giza. Hayo tumeyamaliza wenyewe na hatukuletei.

Tunakuletea ukurasa wa tatu, wajibu wa mwanachuo. Humo kila mwanachuo husaini kwamba atakuwa karakanani kabla ya saa moja na nusu asubuhi, atatunza vifaa vya chuo, hatakosa zaidi ya robo ya vipindi la sivyo hafanyi mtihani, na hataonekana nje ya eneo la chuo baada ya saa kumi na mbili jioni bila ruhusa ya maandishi. Ni masharti mazuri. Ufundi haukai mkononi mwa mtu anayekuja leo na kukosa kesho.

Lakini, Mheshimiwa, chuo hiki kina bweni moja, la wavulana. Binti anayetoka visiwa vya Kome, Maisome au Ukara, huko Ziwa Victoria, tunamsainisha kwamba hataonekana nje baada ya saa kumi na mbili jioni, kisha saa kumi na mbili jioni tunamfungulia geti aende nje, kwa sababu hana pa kulala ndani. Mimi niliyepewa kazi ya kuandika risala hii nimesimama kwenye geti hilo. Nimewaona wakitoka na ndoo mkononi, na baadhi wana watoto mgongoni, kwenda kwenye vyumba vya kupanga karibu na mwalo, ambako mlango ni bati lililofungwa kwa waya na jirani ni kilabu cha pombe. Sikuweza kuwaangalia usoni.

Mwaka huu wasichana wanne waliosaini fomu hiyo hawapo kwenye mahafali haya. Hakuna aliyefeli. Mmoja alitolewa chumbani kwa kuchelewa kodi wiki ya mbalamwezi. Wawili walirudi visiwani wakiwa wajawazito. Wa nne hatujui aliko. Novemba 2021 Serikali iliruhusu mabinti waliokatishwa masomo kwa ujauzito warudi darasani, na tuliisifu kwa moyo wote. Mabinti wakarudi. Wamefika hapa kwetu na watoto wao, nasi tunawalaza mtaani.

Kuna wanaotushauri wasichana wasafiri kila siku. Kwa wanaotoka upande wa Misungwi daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limekuwa neema, tunashukuru sana. Kisiwani hakuna daraja. Na tangu kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na zaidi ya watu 200 wakapoteza maisha, mzazi wa kisiwani humwambii ampakie bintiye mtumbwini kila alfajiri.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, bweni la wasichana lilianza kujengwa. Wazazi walichanga tofali za kuchoma, wanachuo wa uashi wakachimba msingi na kupandisha kuta za vyumba 8, na chumba kimoja cha kulelea watoto. Kuta zilipofika usawa wa lenta, mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, mgeni rasmi wa mahafali ya mwaka huo alituahidi mabati yote, nasi tukapiga makofi hadi turubai likatikisika. Mgeni rasmi aliyefuata alituahidi saruji na nondo ndani ya wiki mbili. Wa tatu alisema amelichukua. Barua zetu za kukumbusha zimo kwenye faili, zote zina muhuri wa kupokelewa, na hakuna hata moja iliyojibiwa.

Hatutaji majina, wala hatukuja kumshtaki mtu. Ila tunaomba jambo hili lieleweke: ahadi ile ya kwanza ndiyo iliyosimamisha ujenzi. Kabla yake wazazi walikuwa wakichangia bati moja moja. Walipoambiwa mabati yanakuja, waliacha kuchanga, kwa heshima ya kiongozi aliyesema. Tungeachwa bila ahadi, huenda leo tungekuwa na paa.

Tangu hapo mvua zinanyesha juu ya kuta zilizo wazi. Fundi wetu amesema kozi mbili za juu za tofali zimelegea na itabidi zibomolewe kabla ya kumwaga lenta. Masika nyingine ikizikuta hivyo hivyo, tutabomoa zaidi. Kokoto tunazo, Mwanza hii ya miamba haikosi mawe, na wanachuo wamezigonga kwa mikono yao. Mchanga tunao. Nguvu kazi tunayo. Hatuna saruji na nondo za lenta, mbao za kenchi, mabati, milango na madirisha. Makisio yameandikwa na mkufunzi wa uashi na yameambatanishwa.

Tulikuwa na maombi mengine: cherehani, tenki la maji, kompyuta. Kamati imeyaondoa yote kwa makusudi, ili lisikupotee hili moja.

Kwa heshima zote, Mheshimiwa, hatuombi ahadi. Tunaomba mambo matatu leo hii. Kabla ya chakula, utembee nasi hadi kwenye kuta hizo. Ni nyuma ya jiko, si mbali. Ututajie hapa hapa afisa atakayeshughulikia suala hili na tarehe ya kwanza tutakayokutana naye. Na kama haliwezekani mwaka huu, utuambie wazi, mbele ya wazazi hawa, ili Jumatatu tuanze tena kuchangia bati moja moja.

Fomu za wanachuo wapya zinapelekwa kuchapwa mwezi ujao. Ukurasa wa pili una mstari unaosema: “Malazi ya wasichana.” Mbele yake tumeacha nafasi wazi hadi tukusikie.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, Kamati ya Wazazi na Maandalizi ya Mahafali