Muulize mzee habari za jela

Shoga yangu Mwanaisha,

Assalaam aleikum, na za masiku. Sisi huku Lamu, mtaani Langoni, hatujambo, ila kusi imeshaingia na ukivuka kwenda Manda unafika umerowa mpaka mtandio. Mamako mdogo kaniagiza nikwambie dera limefika lakini ni fupi. Hilo mtalimaliza wenyewe.

Mimi nina shida na mzee wako. Juzi niliwapeleka wageni wa Saumu Ngomeni. Kijana aliyetutembeza, mashaallah, ulimi anao: vita vya Shela, jeshi la Mombasa na Pate lilivyochapwa ufuoni, Waamu wakaomba himaya kwa Seyyid Said wa Oman, ngome ikaanza kujengwa karibu 1813 na kwisha 1821. Akatugusisha ukuta, mawe ya matumbawe na chokaa, akatwambia zamani bahari ilikuwa karibu na mlango kabla pwani haijafukiwa. Vizuri. Halafu: "Baadaye ikawa jela, kisha ikawa makumbusho." Basi! Tukapandishwa juu kupiga picha.

Jela ile, shoga, ni tangu 1910 hadi 1984. Zaidi ya miaka 70, imepitwa kama mtu apitavyo mlango wa anayemdai. Askari wa Sultani hatunaye aliyewaona, lakini jela tumeiona kwa macho yetu. Si wewe uliyekuwa ukinivuta mkono tukitumwa sokoni, tupite Mkunguni mbio tusitazame ule mlango?

Najua kwa nini watu hawasemi. Mji mdogo huu. Harusi ya Zuhura tumepiga vigelegele mule uani, na babu wa bwana harusi alikula miezi yake mule mule. Nilikumbuka, nikanyamaza, nikala biriani. Na yule mwengine wa Mkomani, aliyesingiziwa ile... la, hilo siliandiki, barua hii anaileta Shee na Shee hajui kufunga bahasha isifunguke.

Sitaki majina ya waliofungwa. Nataka jumba lenyewe lilivyokuwa likiishi. Mzee wako alishika funguo za vyumba vile, na kila nikiingia sasa naona kuta zimepakwa chokaa, safi, na sijui hata kimoja kilikuwa cha nini. Wenzake wawili tumeshawazika. Usinambie amechoka, mzee yule akipewa kahawa baada ya alasiri husema mpaka adhana ya magharibi imkatize. Weka simu karibu yake, bonyeza kurekodi, usimkatize akipotea njia.

Muulize: wafungwa walikuwa wakilala wangapi chumba kimoja? Wanawake waliwekwa wapi? Nani alikuwa akipika, na maji yakitoka kisima gani? Ramadhani waliruhusiwa kula daku? Siku jela ilipohamishwa yeye alikuwa zamu, au alishastaafu? Na wewe, je, utamuuliza kweli au utanipiga chenga kama ulivyofanya kwa ule mkeka wangu? Uko wapi ule mkeka? Presha yake imeshuka? Na lini mnakuja, au mpaka Maulidi?

Shee anarudi huku Jumatatu. Ukishindwa kutuma sauti kwa simu, mpe yeye kikadi, lakini kishonee kwenye dera lile fupi.

Wako,
Khadija