Jumamosi ni usanisi tu

Habari za jioni, wapendwa wa kemia S.6 (kidato cha sita). Usanisi ni kutengeneza kampaundi moja kutoka nyingine, hatua kwa hatua. Jumamosi saa nane mchana tukutane palepale Wandegeya. Kila mtu aje amejaribu hili: kutoka benzini (pete ya kaboni sita, C6H6, si petroli), tengeneza asidi ya 3-nitrobenzoiki, yaani pete hiyo yenye kaboksili (kundi la asidi, COOH) nafasi ya 1 na nitro (NO2) nafasi ya 3.

Anzeni mwisho, mrudi nyuma. Njia hiyo ndiyo iliyompa E. J. Corey Tuzo ya Nobel mwaka 1990, basi msione haya kuandika jibu kinyumenyume. Kaboksili imetoka wapi? Kwenye methili (CH3), kwa kuioksidisha kwa pamanganeti ya potasiamu. Na methili je? Kloromethani (CH3Cl) pamoja na kloridi ya alumini.

Sasa mpangilio, ndipo wengi wanapoteleza. Ukiingiza nitro wakati methili bado ipo, itakwenda nafasi ya 2 na ya 4. Oksidisha kwanza, kaboksili itaielekeza nitro nafasi ya 3. Na ukitanguliza nitro kabisa, methili haiingii: nitro imeshavuta elektroni za pete.

Kila mshale wa hatua uandikiwe kitendanishi (kemikali inayotumika) na hali yake. Mshale mtupu simsahihishii mtu! Asiyeweza kufika atume picha hapa kabla ya Ijumaa usiku, inayosomeka tafadhali.