Risala ya Wakutubi wa Skuli kwa Mgeni Rasmi, Chake Chake

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, walimu wakuu, wazee wetu na waalikwa wote, Assalaam aleykum.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuja mwenyewe. Mara mbili zilizopita tulisomewa salamu za udhuru.

Umoja wetu ulianza na wakutubi watatu na sanduku la kadi za kuorodheshea vitabu. Leo tumeshaendesha kongamano letu wenyewe la teknolojia ya maktaba, ingawa lilifanyika darasa la Kidato cha Pili na mjadala ukakatizwa na adhana ya Magharibi. Hoja ilikuwa: tutumie programu gani, na rekodi za vitabu vyetu tuziandike kwa kiwango gani?

Mheshimiwa, usione tunabishania vitu vya kompyuta tu. Tuliwahi kuuziwa programu na muuzaji mmoja. Leseni ilipokwisha ikajifunga, na rekodi zetu zote zikabaki humo ndani. Hazikuhamishika, kwa kuwa ziliandikwa kwa mtindo wake peke yake. Tukarudi kwenye kadi, zile zilizosazwa na mchwa.

Ndipo, baada ya kuvutana sana, tukakubaliana programu ya maktaba iitwayo Koha, na kiwango cha kuandikia rekodi kiitwacho MARC 21. Koha ilianza kazi New Zealand mwaka 2000, haina leseni ya kulipia, na jina lake kwa Kimaori ni zawadi. MARC 21 inaipa kila taarifa namba yake: mwandishi 100, jina la kitabu 245. Rekodi iliyoandikwa Wete itasomeka vilevile Mkoani. Watumiaji wa Koha duniani wana mkutano wao; mwaka 2015 ulifanyika Ibadan, Nigeria. Hatuombi nauli ya kwenda huko.

Tunaomba kompyuta moja ya kuhifadhia katalogi, yaani orodha ya vitabu, ya skuli zote, betri ya kuilinda umeme unapokatika, na fundi wa kutufundisha wiki mbili. Zawadi ya Koha haiji na kompyuta.

Kompyuta hii tuliahidiwa papa hapa na mgeni aliyekutangulia. Tukapiga makofi, tukachongesha meza. Meza ipo, utaiona ukitokea mlango wa kushoto, imetandikwa kitambaa. Kwa sasa inawekwa birika la chai. Alitutaka subira, tukasubiri. Kisha akahamishwa, na ahadi ikahama naye.

Kwa hivyo utuwie radhi, Mheshimiwa: katibu wetu ameandaa daftari na kalamu. Ukipenda, utuandikie kwa mkono wako tarehe ya kuletwa kompyuta, kabla hatujakukaribisha chakula.

Naomba kuwasilisha.