Kwa nini hatuuzi ziara ya Santo Domingo ya muda wa saa mbili tu

Tunatembeza wageni Santo Domingo, mji mkuu wa Jamhuri ya Dominika, na kila msimu wa likizo lalamiko ni lilelile: “Hela zote hizo ni za kututembeza kwa miguu kwenye barabara za bure?” Safari hii limetoka kwa mteja aliyejiona ameibiwa, kwa hiyo tunalijibu hapa wazi.

Ni kweli, kuingia Zona Colonial, yaani mji mkongwe, hakuna kiingilio. Lakini jumba la kale la Alcázar de Colón wanatoza, Ngome ya Ozama wanatoza, na mwongozaji wetu ana kibali cha serikali, haishi kwa bahashishi. Viingilio, maji na teksi ya kumrudisha mgeni hotelini vyote vimo kwenye bei yetu. Ukishalipa, hakuna tena “ongeza kidogo” mlangoni.

Kinachowaponza wengi ni basi la siku moja kutoka Punta Cana, kwenye hoteli za ufukweni. Bei yake inavutia, hilo hatulikatai. Ila ni zaidi ya saa mbili kwenda, na kurudi hivyo hivyo. Mnashushwa jua likiwa utosini, mnamfuata mtu mwenye kibendera, mnapiga picha mbele ya Katedrali, kisha mnaingizwa duka la vito mpaka dereva apige honi. Familia moja ya Wakenya waishio Marekani walipita njia hiyo. Kesho yake wakatupigia simu, wakalipa upya, na teksi ya kutoka Punta Cana juu yake. Wangelala mjini tangu mwanzo wangeokoa hela nyingi.

Wengine huja Jumatatu bila kuuliza, wakaikuta Alcázar imefungwa. Wengine huja na kaptula, wakazuiwa mlangoni Katedrali. Kijana mmoja ilibidi akimbilie mtaa wa maduka wa Calle El Conde kununua suruali, kwa bei ya mtu mwenye haraka. Mteja wetu haya anaambiwa siku anayolipia.

Tunaanzia barabara ya Calle Las Damas asubuhi, kabla mawe hayajashika moto. Gavana wa Kihispania, Nicolás de Ovando, aliuhamishia mji ng'ambo hii ya mto Ozama mwaka 1502, na mnara wa ngome ukaanza kujengwa muda mfupi baadaye. Tukifika Alcázar tunamsogeza mgeni mpaka ukutani, apapase jiwe aone matumbawe yaliyomo ndani yake. Mtu wa Lamu au Unguja haelezwi zaidi, jiwe la namna hiyo analijua kwao.

Nyumba hiyo ilikuwa ya Diego Colón, mwana wa Columbus. Kwenye shamba la miwa la Diego, Desemba 1521, Waafrika waliokuwa watumwa waliasi. Ni miongoni mwa maasi ya kwanza ya watumwa yanayojulikana katika Amerika. Huwezi kumsimulia mtu habari hiyo huku unamkimbiza basini. Mama mmoja wa Tanga alikaa chini pale akauliza maswali mpaka akaridhika, na hatukumharakisha. Kisha tukampeleka kwenye magofu ya hospitali ya San Nicolás de Bari, ambayo inasimuliwa kwamba chimbuko lake ni kibanda cha mwanamke mweusi aliyekuwa akiuguza maskini. Mabasi mengi hayasimami hapo.

Ukitaka kuja, tuandikie mapema. Tuambie unafikia Punta Cana au mjini, na kama mna mzee au mtoto mdogo, tupange vituo vya kupumzika kivulini.