Muulizeni Mwenyewe: Barua kwa Wauguzi Vijana wa Wodi za Akili

Wanangu,

Majuzi nilikwenda kumjulia hali jamaa yangu aliyelazwa wodi ya magonjwa ya akili. Kitanda cha jirani alikaa mama mmoja wa makamo, kimya, mikono mapajani. Akaja daktari kijana na faili, nyuma yake muuguzi na sindano kwenye sinia. Maswali yote akaulizwa kaka mtu. Amelala? Amekula? Bado anasikia sauti? Fomu ya ridhaa ikatolewa, kaka akaiegemeza ukutani akasaini. Mama akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Hiyo sindano ni ya nini?"

Hakujibiwa. Muuguzi alimwambia tu, "Geuka, mama." Akageuka.

Nilitoka pale nimevimba kwa hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni yangu mwenyewe. Nimefanya kazi yenu miaka 34, na hayo niliyaona kwa sababu niliwahi kuyafanya.

Tulikuwa na kijana aliyekataa vidonge. Nikavisaga, nikamtilia kwenye chai. Akatulia, na mimi nikasifiwa kwenye kikao cha asubuhi. Siku ya tisa akaona chembe nyeupe zimebaki chini ya kikombe. Akazigusa kwa ncha ya kidole, akaonja, akaniangalia. Tangu hapo hakupokea kitu mkononi mwangu, hata maji. Aliporuhusiwa hakukanyaga kliniki tena, na baada ya miezi michache polisi walimrudisha akiwa na pingu. Kwenye faili tuliandika "mgonjwa hana ushirikiano." Mimi ndiye niliyemtilia unga kwenye chai, halafu yeye ndiye asiye na ushirikiano!

Jambo mnalolichanganya, na hata wakubwa wenu wanalichanganya, ni hili: kulazwa bila hiari ni jambo moja, kutibiwa bila ridhaa ni jingine. Karatasi ya kumlaza mtu si ruhusa ya kumfanyia lolote. Uwezo wa kuamua nao hauondoki wote kwa mkupuo. Anayesikia sauti anaweza kujua vizuri kabisa kwamba dawa fulani mwaka jana ilimkaza shingo na kumtetemesha mikono, na kwamba anaomba nyingine. Akiwa hawezi kuamua leo asubuhi, muulize tena jioni.

"Lakini ndugu wamekubali, mzee." Nimeyasikia hayo mpaka yamenichosha. Ndugu ni nguzo, sikatai, wengi wao wanakesha na kuuza mali ili mgonjwa apone. Lakini kuna wanaompeleka mtu wodini kwa sababu ya shamba. Na hata mwenye nia njema anaweza kukosea. Huko Florida, Marekani, Kenneth Donaldson alilazwa mwaka 1957 kwa ombi la baba yake mzazi. Alikaa ndani karibu miaka 15 akiomba atoke, na marafiki walijitolea kumpokea. Mwaka 1975 Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hiyo ikasema mtu asiye hatari, anayeweza kuishi salama peke yake au kwa msaada wa jamaa na marafiki walio tayari kumsaidia, hafungiwi hivihivi. Miaka 15, wanangu.

Kwa hiyo napenda sheria inayomleta mtu wa nje achungulie. Italia, kwa sheria ya 1978 iliyoanza kufunga hospitali zao kubwa za vichaa, kumtibu mtu wodini kwa lazima kunahitaji madaktari wawili, amri ya meya, na hakimu wa kuithibitisha, tena kwa siku saba, ndipo waeleze upya kama wanataka kuendelea. Usumbufu? Ndiyo, na uwe usumbufu.

Wapo wanaosoma Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006 wakasema tiba ya lazima isiwepo kabisa. Mimi sijafika huko. Nilishamkamata mtu mguu akiwa nusu ya mwili iko nje ya dirisha, na ningemkamata tena leo bila kumwomba idhini. Ila alipotulia nilikaa naye nikamweleza kwa nini nilimshika, nikamsikiliza akinitukana.

Mengine kwa kifupi. Msimlaze mtu kifudifudi mkamkalia mgongoni, anakufa. Aliyefungwa kamba asiachwe peke yake, na saa ya kumfungua iandikwe kama ile ya kumfunga. Tiba ya umeme bila nusukaputi na dawa ya kulegeza misuli ni ukatili. Habari za mgonjwa haziendi kwenye simu zenu, wala picha yake.

Nanyi wenye kupanga bajeti, mmenyamaza muda mrefu. Shirika la Afya Duniani limeonyesha kwamba serikali kwa kawaida hutenga kama asilimia 2 tu ya fedha za afya kwa afya ya akili. Zamu ya usiku anabaki muuguzi mmoja na vitanda 40, na kamba inakuwa muuguzi wa pili. Kisha mwenzetu huyo ndiye anayeitwa kwenye kamati ya nidhamu, wala si aliyepitisha bajeti.

Mimi nimezeeka, na kwetu ugonjwa wa kusahau unarithiwa. Nimeshaandika karatasi nikiwa na akili zangu, nikaisaini mbele ya mashahidi, nakala anayo binti yangu. Nimetaja dawa nisiyoitaka, na mtu wa kuniamulia nikishindwa. Mstari wa mwisho unasema: kabla ya sindano, niambieni ni ya nini, hata kama mnaona sielewi.