Risala kwa Mgeni Rasmi: Chelewa Tisa za Rabai

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu wetu, wazazi na walezi, wazee wetu mliofunga safari alfajiri kutoka Rabai na Kinango, na wanafunzi wenzangu: shikamooni, na assalaam aleikum.

Kwa niaba ya Chama cha Historia cha shule yetu nakukaribisha, mgeni rasmi, katika siku hii tunapokabidhi kazi ya mwaka mzima ya kutafuta asili za koo zetu. Karibu sana Mombasa, na karibu kwetu. Kazi yenyewe iko kwenye meza iliyo mbele yako: madaftari kumi na manne, ramani tulizochora kwa mkono, na fungu moja la chelewa, njiti za ufagio wa mnazi, lililofungwa kwa uzi mwekundu. Hilo fungu nitalieleza.

Mambo yalianza kwa swali la darasani. Mwalimu wetu wa Historia alitugawia karatasi yenye mistari saba akatuambia tuandike majina ya baba zetu, kuanzia baba mzazi kwenda juu. Aliyeijaza yote alikuwa mmoja tu, mvulana wa Mji wa Kale, ambaye kwao nasaba husomwa watu wakikutana kwa harusi na kwa matanga. Wengi wetu tulikwama kwa babu. Mimi nilikwama hapo hapo, na jina la babu nalo nililijua kwa kuwa limo kwenye cheti changu cha kuzaliwa. Sisi ni watoto wa Kisauni, Likoni, Changamwe na Mikindani. Mashambani tunakwenda kuzika, na Disemba.

Kabla hata hatujatoka darasani, karatasi yenyewe ilitushinda. Msichana mmoja, Mduruma wa Kinango, alisimama akauliza ajaze upande upi, ukulume au ukuche. Wengi wetu hatukuelewa swali lake. Kwa Waduruma mtu ana koo mbili, ya kuumeni na ya kukeni, na zamani kila upande ulikuwa na mali yake ya kurithisha. Ile karatasi ilikuwa na nafasi ya baba peke yake. Mwalimu aliichukua, akaichana mbele yetu, akasema tutachora nyingine. Siku hiyo ndiyo chama kilizaliwa.

Mheshimiwa mgeni rasmi, safari yetu ya kwanza ilikuwa Rabai, kwa wazee wa upande wangu. Tulipanda matatu hadi Mazeras, kisha bodaboda, mpaka kwenye boma la mzee mmoja ambaye ni ndugu wa babu yangu, kwa hiyo kwangu mimi naye ni tsawe, yaani babu. Tulimkuta chini ya mwembe. Tukamwamkia, tukaketi mkekani, tukatoa kalamu. Akazitazama kalamu zetu, asiseme neno. Akamwagiza mjukuu amletee ufagio. Akachomoa chelewa moja, akaikata kwa kucha ikawa ya kadiri ya shibiri, akaichomeka mchangani karibu na goti lake. "Huyu mimi." Akachomoa ya pili. "Huyu baba." Ya tatu aliilaza chini, ubavu.

Tulidhani imeanguka. Mwenzangu mmoja akanyosha mkono kuisimamisha, mzee akamshika kiganja. Yule wa tatu ni babu yake mzazi, aliyechukuliwa upagazi katika Vita vya Kwanza vya Dunia akavuka na jeshi la Waingereza kuingia Tanganyika, iliyokuwa ya Wajerumani, na hakurudi. Hana kaburi Rabai, ndiyo maana hasimamishwi. Pale Barabara ya Jomo Kenyatta tunaipita sanamu ya askari wa vita hivyo kila siku tukienda mjini, na jina la mtu hata mmoja haina. Jina la huyu mpagazi lipo, ni hilo hilo la mzee aliyekuwa akitusimulia. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba, kwa hiyo majina mawili hupokezana kizazi kwa kizazi, hili, lile, tena hili. Mzee alikuwa amelaza mchangani chelewa yenye jina lake mwenyewe.

Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo tulipoielewa kazi yetu. Majina yanapojirudia hivyo, orodha iliyoandikwa haimwambii mtu kitu. Ukiona jina lile lile mara nne, utajuaje nani ni nani? Mzee anajua kwa visa. Huyu ni yule aliyenusurika njaa ya Mwakisenge, miaka ya 1880, watu walipokuwa wakiweka watoto rehani kwa chakula. Yule ndiye aliyepanda minazi ya bondeni. Huyu alihama kaya kwa ugomvi wa mahari. Alifika chelewa ya tisa jua likiwa limeinama, akasema amechoka, turudi mwezi ujao atupe upande wa mama yake, ambao ni mrefu zaidi.

Kesho yake mzee wa ngambi, baraza la wazee, alitupeleka kaya, msitu mtakatifu walikoishi wazee wa kale. Viatu tuliviacha nje ya msitu, na tulionywa tusivunje hata kijiti. Misitu ya kaya za Mijikenda iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, za Rabai zikiwamo, na watalii huandikiwa hivyo kwenye mabango. Mzee wa ngambi hakutaja UNESCO. Alituonyesha upande lilikozikwa fingo, kago la kuilinda kaya, kwa mbali, bila kunyosha kidole, akasema waliolizika walitoka Singwaya, nchi ya asili yetu, nalo mkononi. Wenzetu wawili Wagiriama walilia walipokumbuka Kaya Fungo, ambayo serikali ya kikoloni iliilipua kwa baruti mwaka 1914 kwa sababu ya Mekatilili wa Menza na watu wake walioipinga. Hilo tulilisoma darasa la sita kama swali la mtihani. Ukisimama ndani ya kaya, kimya, majani yakikuangukia begani, si swali la mtihani tena.

Mmoja wa hao wawili ana kisa cha vigango. Wazee wa chama cha Gohu wakifa husimamishiwa kigango, mti uliochongwa kwa umbo la mtu, na kikishasimama hakihamishwi. Vya kwao viling'olewa usiku, yeye akiwa hajazaliwa. Vigango vingi vya Pwani viliuzwa ng'ambo kama mapambo, na vichache vimerudishwa kutoka makumbusho ya Marekani, vya mwanzo mwaka 2007. Bibi yake humwambia: walimwiba babu yako akiwa amesimama.

Tulikuwa na mwenzetu mwingine ambaye chelewa zake ziliishia nne. Yeye ni wa Freretown, pale Kengeleni, ambapo wamisheni wa Kianglikana walianzisha makazi ya watu waliookolewa utumwani mwaka 1875. Wengi wao walikuwa Wayao, Wanyasa na Wamakua waliokamatwa wakiwa majahazini, na wengine walipitia India, shule ya Nasik, ndipo wakaletwa Mombasa. Kasisi William Jones alikuwa mmoja wao. Huyo ndiye aliyewaongoza manusura wa msafara wa Askofu Hannington kurudi Rabai baada ya askofu kuuawa Busoga mwaka 1885. Rabai kwenyewe watoro wa mashamba ya watumwa walijificha kwa wingi, hata ikabidi tarehe 1 Januari 1889 zaidi ya watu 1,400 wakombolewe na kupewa hati za uhuru kwa mpigo. Mwenzetu alikaa nasi mkekani akamwambia mzee kwamba babu yake wa nne alipewa jina jipya na wazungu, na nyuma ya jina hilo ni bahari. Mzee alifikiri. Akakata chelewa, akampa mkononi badala ya kuichomeka. Akamwambia wazee wake walikula mihogo ya Rabai pamoja na wazee wetu, walioa na kuolewa hapa na kuzikwa hapa, kwa hiyo atafute pia kwa majirani, maana jirani hukumbuka mgeni alifika mwaka gani na amevaa nini. Amefanya hivyo. Daftari lake ni la tisa kwenye meza, na ndilo nene kuliko yote.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwezi uliofuata tulirudi Rabai kama tulivyoahidi. Tulikuta mlango umefungwa kwa kamba. Makuti ya jiko yalikuwa yameungua upande mmoja. Chini ya mwembe hapakuwa na mkeka, na majirani walituitikia salamu wakaingia ndani. Mtoto wa miaka kama kumi ndiye aliyetuambia. Babu ameambiwa ni mchawi, ameondoka usiku.

Nitasema kwa idhini yake, na bila kumtaja mtu. Kuna shamba la minazi bondeni. Kwetu mnazi na ardhi vyaweza kuwa na wenyewe wawili. Mtu huweza kuweka minazi rehani ardhi ikabaki ya mwingine, na makubaliano hayo mengi hayakuandikwa popote. Shahidi ni mzee aliyekuwepo. Ukimwondoa mzee, shamba halina wa kulisemea. Tsawe yangu alikuwa shahidi wa mwisho wa minazi ile, na ana mvi, na macho yake ni mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka themanini. Hayo yametosha. Kilifi na Kwale wazee wengi wamekatwa mapanga kwa neno hilo moja, na mara nyingi ukilifuata neno hilo utakuta mpaka wa shamba. Huko Ganze kuna makazi ya kuwahifadhi wanaokimbia, Kaya Godoma, ambako wazee huishi mbali na makaburi ya wazazi wao. Wanaofanya haya ni vijana, mheshimiwa. Ni wa rika letu. Hilo linatuuma kuliko tunavyoweza kulisoma hapa.

Tulimpata kwa binti yake, Mikindani, katika chumba kimoja cha kupanga. Akafurahi mno. Akauliza ufagio uko wapi. Binti yake akatoa ufagio wa chelewa nyuma ya mlango, na mzee akaketi sakafuni akaanza upande wa mama yake, kama alivyoahidi. Sakafu ni ya simiti. Chelewa hazikusimama. Alijaribu ya kwanza mara mbili, kisha akazilaza zote ubavu, moja baada ya nyingine, mpaka kumi na moja, akitaja kila jina na kisa chake, nasi tunaandika. Hakuna aliyethubutu kumwangalia usoni.

Fungu lililo mezani ni zile tisa za Rabai. Tulizikuta bado zimechomekwa chini ya mwembe siku tulipokuta mlango umefungwa, nane zimesimama na moja imelala.

Sasa maombi yetu. Tunaomba barua ya kututambulisha kwa machifu na wazee wa vijiji, kwa kuwa tukifika na ramani watu hudhani tumetumwa na wanunuzi wa ardhi, na wana haki ya kuogopa. Tunaomba vinasa sauti viwili na kabati la chuma, maana mchwa wa Pwani hawana simile na karatasi. Tunaomba pia nakala za madaftari haya ziwekwe mahali ambapo mtoto wa Rabai au wa Kinango ataweza kuzisoma bila kulipa nauli ya kuja Mombasa.

Ombi kubwa ni la wazee wenyewe. Tunakuomba, kwa nafasi uliyo nayo, uwaulize wanaohusika na usalama kwa nini mzee akifukuzwa kwake kesi huishia kwenye kitabu cha matukio. Tunaomba ushahidi wa wazee kuhusu mashamba na minazi uandikwe mapema, mbele ya jamii nzima, ili kusiwe na faida ya kumnyamazisha mtu. Sisi tuko tayari kuwa waandishi, bila malipo, kila likizo. Tumeanza kuzungumza na vijana wenzetu wa vijijini, na wanne kati yao wamejiunga na chama. Mmoja ni mjukuu wa bondeni huko huko. Alikuja mwenyewe, akaomba aonyeshwe jina lake liko chelewa ya ngapi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tsawe yuko nasi leo. Ameketi safu ya pili, amevaa kofia ya kitambaa cheupe, na fimbo yake iko katikati ya magoti. Hajaingia katika shule tangu mwaka ule alipoacha masomo akiwa mtoto kwa kukosa karo. Tunakuomba, kabla hujapanda jukwaani kutoa hotuba yako, ushuke umpe mkono.

Ahsante.

Imesomwa na katibu, kwa niaba ya wanachama wa Chama cha Historia.