Harambee ya basi la kwenda St. Paul, tujaze viti vyote

Habari zenu wazazi, mama zetu, wajomba na vijana wote wa ngoma. Najua mkiona meseji yangu usiku hivi mnajua tu ni pesa, na hamjakosea, ni pesa ya basi la kutupeleka bunge la jimbo letu la Minnesota kule St. Paul, tukawaombe wabunge wasisahau pesa za sanaa. Hebu someni mpaka chini.

Mnakumbuka ile ngoma kubwa ngozi ilipasuka na baridi tukaibandika gundi ikawa inalia kama sufuria? Ngozi mpya ilitoka kwa ruzuku ya sanaa, na mwalimu wa densi analipwa kutoka ruzuku hiyohiyo. Na hiyo ruzuku inatoka mfukoni mwako bila wewe kujua. Mwaka 2008 wapigakura wa Minnesota walipitisha ile Legacy, yaani marekebisho yaliyoingia kwenye katiba ya jimbo, nyongeza ya asilimia 0.375 kwenye kodi ya mauzo. Ukinunua tairi ya dola 100, senti 37 na nusu zinaenda huko, na katika hizo sanaa na utamaduni wanapata asilimia 19.75, yaani kama senti 7 hivi, zingine ni za maji, misitu na mbuga. Senti saba jamani!

Sasa shida iko hapa. Kodi hiyo ilianza Julai 2009 na inaisha 30 Juni 2034, labda bunge la jimbo lirudishe swali kwa wapigakura. Utasema 2034 ni mbali, lakini kitinda mimba wangu yuko chekechea saa hii na wakati huo atakuwa bado hajamaliza shule. Halafu kura ya kubadilisha katiba hapa ina ujanja wake, ukienda kupiga kura ukaacha hiyo sehemu bila alama ni kama umesema hapana, kwa hiyo kazi ya kuelezea watu haianzi wiki ya uchaguzi.

Na hata kabla ya hapo, kila miaka miwili wabunge wanakaa kugawa huo mfuko, na foleni ni ndefu, kuna makumbusho, redio, maktaba, mpaka bustani za wanyama (zoo) zinapewa. Sisi na ngoma zetu tutakumbukwa na nani? Asiyekuwepo na lake halipo.

Mara ya mwisho tulienda bungeni watu tisa, gari mbili, tumevaa vitenge juu ya makoti, kwa ofisi moja ya mbunge msaidizi wake akatuuliza swali la kwanza kabisa, mnakaa eneo bunge gani? Tukaangaliana. Tisa wote hakuna hata mmoja wa eneo lile, wale wa pale walikuwa wametoka shifti ya usiku wamelala. Akatushukuru vizuri sana, akatupa peremende, tukatoka. Mbunge anamsikiliza anayempigia kura, mwingine anapewa peremende. Kuna maseneta 67 na wawakilishi 134, na sisi tumetawanyika maeneo mengi, hiyo ni nguvu tukienda wengi.

Kuna mtu aliniuliza kwa nini tusitumie ile ruzuku kukodi basi. Haturuhusiwi, pesa ya Minnesota State Arts Board, ile bodi ya sanaa ya jimbo inayotoa ruzuku, huwezi kuitumia kwenda kushawishi wabunge, hata kama unawashawishi juu ya hiyohiyo pesa. Ndiyo maana nimekuja kwenu. Na fulana za vyama mziache nyumbani tafadhali, sisi ni shirika lisilolipa kodi, kuongea juu ya sheria kwa kiasi tunaruhusiwa, kumpigia mgombea debe hapana.

Basi la shule na dereva, chai, maandazi na fidia kidogo kwa wale watakaoacha shifti ili waje, tunahitaji dola 1,200. Familia 40 zikitoa dola 30 tumemaliza, mwenye 10 alete 10, mwenye 100 Mungu amzidishie. Mpe mweka hazina mkononi Jumamosi baada ya mazoezi, atakuandikia risiti, usiniwekee mimi mfukoni nitasahau. Na usiye na pesa leta mwili wako, hasa kama ofisi ile ya peremende ndiyo ya kwenu, wewe utakaa siti ya mbele na kuongea wa kwanza.

Basi linatoka saa moja asubuhi. Saa moja yetu, ya jua likichomoza, msinijie saa saba mchana.